Neno Ngai Lilitoka Wapi?

Mtaani Skuta, mjini Nyeri, Mkikuyu akikutakia heri husema "Ngai akũrathime", yaani Mungu akubariki. Wakamba nao humwita Mungu Ngai. Wamaasai husema Enkai, na Wasamburu, wanaosema lahaja ya lugha hiyo hiyo ya Kimaa, husema Nkai. Kufanana huku kunahitaji maelezo, kwa sababu Kikuyu na Kikamba ni lugha za Kibantu, ilhali Kimaasai ni cha jamii ya Kiniloti. Neno likionekana katika jamii mbili zisizo na nasaba, ama sauti zimefanana kwa bahati, ama upande mmoja umeazima.

Wapo wanaoshikilia kwamba neno ni la Kikuyu chenyewe. Kitenzi kũgaya ni ndugu wa kugawa cha Kiswahili. Kwa hoja hiyo Ngai ni Mgawaji. Maelezo haya yanapatana na simulizi za kale, ambamo Ngai, akiwa juu ya Kĩrĩnyaga, yaani Mlima Kenya, alimpa Gĩkũyũ, babu wa Wakikuyu, nchi ya kukaa.

Tuyapime kwa sarufi. Katika Kikuyu, jina la mtendaji huanza kwa mũ-, kama m- ya Kiswahili. Anayesoma ni mũthomi. Anayegawa ni mũgai. Ngai halina kiambishi hicho.

Katika Kimaasai, neno linachambulika bila taabu. Linaanza kwa kiambishi cha nomino za kike katika umoja, kama enkiteng, ng'ombe jike. Kinachobaki ni mzizi. Mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, unabeba jina hilo hilo: ni Mlima wa Mungu.

Maana nazo zina ushahidi wake. Kwa Mmaasai, Enkai ni Mungu, na pia ni mvua na anga. Enkai Narok, Mungu mweusi, ni wa neema. Enkai Nanyokie, Mungu mwekundu, ni wa ghadhabu. Kwa Mkikuyu, mvua ni mbura na mbingu ni igũrũ. Ngai ni Mungu tu. Kwa kawaida neno la kuazima huhama na sehemu ya maana zake, zilizosalia zikabaki kwao.

Je, watu hawa walikutana? Anayetoka Nyeri kwenda Nanyuki hupita Naro Moru, na majina yote mawili ni ya Kimaasai: Nanyuki latokana na wekundu, Naro Moru na mawe meusi. Wamaasai walichunga Laikipia hadi walipohamishwa kufuatia mkataba wa 1911. Kati yao na Wakikuyu kulikuwa na vita, biashara na kuoana.

Zaidi ya hayo, Wabantu wana jina jingine lililoenea mbali: Mungu kwa Kiswahili, Mulungu kwa Kichewa, Murungu kwa Kimeru. Kikamba kina Mulungu kando ya Ngai, kana kwamba Ngai ni mgeni aliyeongezwa.

Ushahidi huu ukiwekwa pamoja, unaelemea upande mmoja: Ngai liliazimwa kutoka Kimaasai. Mũgai ni sifa nzuri ya Mungu, lakini si chimbuko la jina lake. Na kuazima jina si kuazima imani: Ngai wa Kĩrĩnyaga, aliyempa Gĩkũyũ nchi, ni wa Wakikuyu wenyewe.