Mizani Haioni Misuli

Mizani ya wodini hujumlisha misuli, mafuta, mifupa na maji, kisha ikatoa nambari moja. Ndiyo maana mama wa kilo 80 anaweza kuwa amepungukiwa sana na misuli na asishtukiwe na mtu, kwa kuwa sote tumezoea kumtafuta aliyekonda. Kwa anayesubiri kupasuliwa, upungufu huo ni hatari. Misuli ndiyo akiba ya protini inayotumika kuponya kidonda na kupigana na maambukizi. Ndiyo pia inayomwezesha mgonjwa kukohoa, kuvuta pumzi vizuri na kuinuka kitandani baada ya thieta. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba wenye misuli haba hupata matatizo zaidi baada ya upasuaji na hukawia kuruhusiwa kwenda nyumbani. Upungufu huo wa misuli huitwa sakopenia.

Kenya imo kwenye ukanda wa Afrika Mashariki wenye wagonjwa wengi wa saratani ya umio, maradhi ambayo humziba mtu koo la chakula na kumkondesha kabla hajamwona daktari. Mgonjwa kama huyo kutoka Mwala au Masinga, huko Ukambani, kabla ya kupangiwa upasuaji, hupigwa picha ya CT, iwe Machakos au Nairobi, ili ijulikane saratani imeenea hadi wapi. Picha hiyohiyo inaonyesha misuli yake, na kuipima hakudai mionzi zaidi.

Daktari wa radiolojia huchagua kipande kimoja cha picha kinachopita kwenye pingili ya tatu ya kiuno. Hapo huonekana misuli ya mgongo, ya kuta za tumbo na ile miwili minene iliyoambatana na uti wa mgongo. Eneo la misuli ya kipande hicho hukaribia kuwakilisha misuli ya mwili mzima. Kompyuta huitenga kwa vipimo vya Hounsfield: maji ni 0, misuli huanzia −29 hadi +150, na mafuta huwa chini ya hapo. Misuli iliyoingiwa na mafuta husoma chini kuliko kawaida, dalili kwamba hata iliyobaki ni dhaifu.

Kisha eneo hugawanywa kwa urefu wa mgonjwa uliozidishwa kwa wenyewe. Mwanamume wa mita 1.70 mwenye sentimita za mraba 130 za misuli hupata 45. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2008 uliweka mpaka wa 52.4 kwa wanaume na 38.5 kwa wanawake, kwa hiyo angehesabiwa kuwa na upungufu. Ila mipaka hiyo ilitokana na wagonjwa wanene wa saratani wa huko. Kuibandika kwa mkulima mwembamba wa Ukambani bila kumchunguza zaidi ni kumhukumu kwa kipimo cha mwingine. Hata dawa inayodungwa ili kung'arisha picha hubadilisha usomaji wa misuli.

Kwa hiyo picha isomwe pamoja na nguvu za mgonjwa mwenyewe. Mwambie asimame na kuketi kitini mara 5 bila kushika popote. Akipitisha sekunde 15, ana udhaifu. Zungusha futi ya fundi cherehani kwenye kigimbi chake. Chini ya sentimita 31 ni ishara mbaya. Asiye na sababu nyingine ya kupigwa CT asipigwe kwa ajili ya misuli tu: vipimo hivi, au ultrasaundi ya paja, vinatosha kuanzia.

Akionekana amedhoofika sana, miongozo ya lishe ya Ulaya inakubali upasuaji usogezwe siku 7 hadi 14 ili alishwe kwanza, hata kama ni wa saratani. Mgonjwa wa kilo 60 huhitaji takriban gramu 72 hadi 90 za protini kwa siku. Yai lina 6 hivi, gilasi ya maziwa 8, kikombe cha ndengu zilizopikwa 14. Asiyeweza kumeza hulishwa kwa mpira, na mwenye figo mbovu hupangiwa kiwango chake na daktari. Chakula peke yake hakitoshi. Misuli isiyofanyishwa kazi hunywea, hivyo atembezwe kila siku.

Ripoti ya CT kwa kawaida hutaja uvimbe, ini na tezi, na misuli huachwa kwa kuwa hakuna aliyeiulizia. Daktari mpasuaji aandike swali hilo kwenye fomu ya kuomba picha, na jibu limfikie mtaalamu wa lishe kabla tarehe ya thieta haijapangwa.