Lubumbashi: Kabla ya kununua skuta iliyotumika, uliza mapiesi yake yanauzishwa wapi

Asubuhi, kabla jua halijapanda, watu wa Katuba na Ruashi wamekwisha kusimama kando ya barabara wakingoja taksi-bisi. Anayepaswa kuwa kazini katikati ya mji saa mbili anatoka nyumbani mapema sana, na jioni anaanza upya kusukumana. Kwa hiyo wengi, walimu, wauguzi, makarani wa ofisi, wanafikiria kuwa na chombo chao wenyewe. Pikipiki mpya inaomba pesa nyingi kwa mara moja. Skuta iliyotumika inaonekana rahisi zaidi: haina vitesi vya kubadilisha, ina mahali pa kuweka mfuko mbele ya miguu, na mama mwenye kuvaa kikwembe anaweza kuiendesha bila kujisumbua.

Mimi mwandishi wa habari hii niliingia katika mambo hayo. Nilitoa dola 400 kwa mtu aliyekuwa anahama mji. Skuta ilikuwa safi, rangi inangaa, na niliinunua kwa macho.

Mwezi wa nne, nikiwa njiani kuelekea Kasapa, motere ilianza kulia kwa nguvu lakini gurudumu la nyuma halizunguki. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni na mtoto ananingojea kwenye masomo. Niliisukuma mpaka kwa kwado wa karibu, ambaye alicheka kwanza, kiisha akaniambia hiyo si kazi ya mtu wa pine.

Skuta haina mnyororo kama pikipiki za kawaida. Nguvu ya motere inafika kwenye gurudumu kwa njia ya mkanda wa mpira, ule mafundi wanaita kuruwa, unaozunguka ndani ya sanduku la upande wa kushoto. Sanduku hilo linavuta hewa ya nje ili mkanda usipate moto sana. Na hewa ya Lubumbashi tunaijua. Toka mwezi wa tano mpaka wa tisa mvua karibu hainyeshi kabisa, na barabara zisizo na lami zinatoa mavumbi mekundu yanayoingia hata ndani ya kabati. Mekanisye alipofungua yangu, tulikuta unga mwekundu kila pembe. Mkanda ulikuwa umekatika, na vile viroli vidogo vya uzito vinavyousukuma vilikuwa vimelika upande mmoja, havina tena umbo la mviringo.

Bei ya mkanda haikuniumiza. Kilichoniumiza ni kuutafuta. Nenda soko la Kenya, utapata buji, freni, nyaya na karibu kila kitu cha TVS na Bajaj Boxer, kwa sababu hizo ndizo wamotari wa taksi wanatumia, na muuzaji anaweka dukani kitu kinachotoka kila siku. Skuta yangu ya Japani? Duka la kwanza hapana, la pili hapana, la tatu wakanionyesha mkanda mfupi zaidi. Siku ya tisa niliupata kwa kijana mmoja aliyekuwa amefungua skuta iliyokufa na anauzisha piesi moja moja. Siku hizo zote nililipa taksi, huku chombo changu kimelala uani.

Basi, ndugu msomaji, andika jina la modeli kwenye karatasi na uzunguke madukani kabla ya kutoa hata franka moja. Kama watu watatu wanatikisa kichwa, acha, hata muuzishaji akipunguza bei namna gani.

Kama mapiesi yapo, fika kwake asubuhi bila kumpigia simu dakika za mwisho, uguse motere kwa mkono. Ikiwa ni ya moto, ujue ameiwasha mbele yako ili kuficha shida ya kuwaka. Moshi wa buluu unaoendelea kutoka kwenye motere ya mapigo manne ni dalili kwamba inakunywa oili. Namba iliyochongwa kwenye shasi ilingane na ile ya karte rozi, herufi kwa herufi. Na kama jina la karte rozi si la yule anayekuuzishia, muombe karatasi za mauzo zinazounganisha majina hayo mawili. Polisi wa barabarani hatasikiliza hadithi ya mtu aliyehama. Kuna tena asiransi. Zamani SONAS ilikuwa peke yake, lakini sheria ya 2015 ilifungulia kampuni zingine mlango, kwa hiyo unaweza kulinganisha bei.

Magurudumu madogo ni shida nyingine. Piaggio walipotoa Vespa huko Italia mwaka 1946, hawakufikiria mashimo yetu ya mwezi wa kwanza. Maji yakijaa shimo, hulioni kina chake, na mkanda ukilowa unateleza. Mvua kubwa ikinyesha mimi nasimama chini ya baraza, nachelewa. Jihadhari pia na magari yenye usukani wa kuume, ambayo mji huu umejaa. Shofere wake akitaka kupita lori, anapaswa kutoa gari karibu lote nje ndipo aone anayekuja mbele. Anayekuja mbele ni wewe, na kaske yako.

Sasa wakati wa mavumbi nafungua filtri ya hewa kila Siku ya Mungu jioni. Yangu ni ya sponji: naiosha kwa sabuni, naianika kivulini mpaka ikauke kabisa, natia oili kidogo na kuikamua. Vidanje naifanya kila kilometa 2.000, na mekanisye anapuliza lile sanduku la mkanda kila miezi mitatu. Chini ya kiti, ndani ya mfuko wa plastiki, kuna mkanda wa pili. Ulikuja na mtu aliyetoka Dar es Salaam.