Vipande 12 Ndani ya Baiti 8

Mwaka 1958, Dana Scott, aliyekuwa akimalizia shahada ya uzamivu Princeton, Marekani, aliipa kompyuta kazi isiyowafaa chochote wanajeshi wala watabiri wa hali ya hewa, ambao ndio waliozoea kuitumia. Alitaka ijaze ubao wa sataranji kwa vipande vya mchezo, kisha imwambie kuna njia ngapi za kuujaza.

Vipande hivyo huitwa pentomino. Kila kimoja ni miraba mitano iliyoshikana ubavu kwa ubavu. Chukua karatasi na penseli uchore: utapata maumbo 12 tu, mradi usihesabu upya umbo ulilolizungusha au kulipindua. Jina vilipewa na Solomon Golomb mwaka 1953, na kila kimoja hutajwa kwa herufi inayofanana nacho: T, U, X na wenzao. Vipande 12 vya miraba mitano ni miraba 60. Ubao wa sataranji una 64. Ukiondoa miraba minne ya katikati, hesabu inatimia. (Tetris, iliyozaliwa Moscow mwaka 1984, ni mtoto wa mchezo huuhuu; Alexey Pajitnov alipunguza miraba ya kila kipande kutoka mitano hadi minne.)

Kompyuta aliyoitumia Scott ilijengwa chini ya uongozi wa John von Neumann, na kumbukumbu yake ilikuwa na nafasi 1,024 za biti 40 kila moja. Zijumlishe zote: ni baiti 5,120. Picha moja uliyopiga kwa simu asubuhi hii ni kubwa kuliko hiyo mara mamia. Hata hivyo, baada ya takriban saa tatu na nusu mashine ilimaliza kazi na kutoa jibu: njia 65.

Ningependa kuona watu wengi zaidi wakiirudia kazi hii, si kwa kompyuta za leo zinazoimaliza kabla hujainua kikombe cha chai, bali kwa kitu kama Commodore 64, kompyuta ya nyumbani iliyotoka mwaka 1982. Asiyekuwa nayo anaweza kutumia programu inayoigiza tabia zake. Kichakataji chake hupiga mizunguko kama milioni moja kwa sekunde, hakijui kuzidisha, na hushika biti nane tu kwa mara moja. Hapo ndipo bahati inapotuangukia: ubao una safu nane zenye miraba minane. Safu moja ni baiti moja. Ubao mzima ni baiti nane.

Weka 1 pale palipojaa na 0 pale palipo patupu. Kipande nacho kiandike hivyohivyo. X, kwa mfano, ni safu tatu: 010, 111, 010. Kujua kama kipande kinaingia mahali fulani, linganisha safu zake na za ubao kwa amri ya AND. Jibu likiwa sifuri kila safu, pako wazi. Kukiweka, tumia EOR, amri inayogeuza biti. Kukiondoa, tumia EOR ileile mara ya pili, na ubao unarudi ulivyokuwa. Sijui njia nadhifu zaidi ya kufuta kosa.

Na makosa yatakuwa mengi, kwa sababu programu yenyewe hufanya kazi ya utingo anayepanga mizigo kwenye buti la basi: begi lisipoingia, anashusha lililotangulia na kujaribu jingine. Inatafuta mraba mtupu wa kwanza kuanzia juu kushoto, inaweka kipande chochote kinachoweza kuufunika, inakwenda kwenye mraba mtupu unaofuata. Ikikwama, inatoa kipande cha mwisho na kujaribu kingine. Vipande vyote 12, vikizungushwa na kupinduliwa kwa kila namna, vina mikao 63. Ukiiandaa mapema kwa kila nafasi ya kushoto na kulia, unapata majedwali 384 ya baiti tano, yaani baiti 1,920. Yanaenea vizuri.

Kasi, lakini, haiko kwenye amri za mashine. Iko kwenye kazi unayoikataa kabla hujaianza, na hili Scott alilijua. Tazama kipande X. Ukikizungusha au ukikipindua, ni kilekile. Kwenye ubao wetu wenye tundu kinaweza kukaa mahali 24. Panne kati ya hapo panakiweka karibu mno na kona, mraba wa konani unabaki yatima, na hakuna kipande cha mraba mmoja cha kuuokoa. Pamebaki 20. Lakini ubao nao ukizungushwa au kupinduliwa haubadiliki, kwa hiyo hapo 20 ni mahali patatu tu palipojirudia kwa sura mbalimbali. Scott alikiweka X mahali hapo patatu, basi. Sehemu kubwa ya kazi ikafutika bila mashine kupiga hata hesabu moja.

Mahali pa tatu pana mtego. Pale X hukaa juu ya mstari wa mshazari, kwa hiyo kila jibu lina pacha wake wa kwenye kioo. Dawa ni kukikataza kipande kingine, tuseme P, kisipinduliwe. Pacha mmoja anabaki, mwenzake haonekani.

Wasomaji wanaofuata mambo haya wataniuliza: kwa nini usitumie mbinu ya Donald Knuth ya mwaka 2000, ile ya viungo vinavyocheza? Ni mbinu nzuri, na siku hizi ndiyo inayofundishwa. Kila namna ya kuweka kipande inaandikwa mapema, na viungo vinavyoziunganisha huchomolewa na kurudishwa wakati wa kutafuta. Tupige hesabu. Namna za kuweka vipande kwenye ubao huu ni 1,568. Kila moja inahitaji vifundo sita: kimoja cha kipande, vitano vya miraba. Jumla 9,408. Kila kifundo kinashika anwani tano, na anwani kwenye Commodore ni baiti mbili. Hiyo ni baiti 94,080, na mashine ina 65,536. Unaweza kubana, ukaacha anwani tatu, ukafika 56,448. Programu yenyewe na mambo mengine ya mashine yabaki yakigombania kilichosalia. Mimi nachagua baiti nane.

Ushauri mmoja kwa atakayejaribu: usiandike kwa BASIC, ila kama unapenda kusubiri. Andika kwa lugha ya mashine, na ulijue jibu kabla ya kuanza. Ukipata 520, programu yako ni nzima ila umesahau ujanja wa X, maana 520 ni 65 mara nane. Ukipata zaidi ya 65 lakini hujafika huko, mtazame P. Ukipata 64, anza kusoma majedwali yako mstari kwa mstari. Kuna biti moja uliyoikosea.