KABIBI NA KOUROU: JE, MAPENDO YAO YALIKUWA BILA SHARTI?

Ndugu msomaji, jioni moja kazi ikiisha, kaa na jamaa yako mutazame tena ile filme ya zamani, «La vie est belle». Kwetu Mutwanga tuna bahati: tangu 2013 maji yanayoshuka mlima Ruwenzori yanatoa umeme. Zamani filme ilitegemea grupe. Mafuta yakiisha katikati, kila mtu alirudi nyumbani bila kujua kama wapenzi wale walioana ao waliachana.

Filme hii ilitoka 1987, wakati inchi yetu ilikuwa bado inaitwa Zaire. Waliitengeneza watu wawili: Mwezé Ngangura, mtoto wa Bukavu, na Benoît Lamy wa Ubelgiji. Anayecheza nafasi ya kwanza ni Papa Wemba, yule aliyeanguka jukwaani kule Abidjan akafariki tarehe 24 Aprili 2016. Hata Pépé Kallé utamwona mule ndani. Wazee wanaipenda kwa ajili ya muziki, vijana kwa ajili ya mapendo. Lakini ukitaka kuanzisha mabishano nyumbani, uliza swali moja tu: nani katika filme hii anapenda kweli?

Habari yenyewe kwa ufupi

Kourou ni mpiga muziki maskini. Anaacha kijiji chake, anaingia Kinshasa akitaka kuimba na orkestra ya kisasa. Mfukoni hana kitu, kwa hiyo anakubali kazi ya boyi katika nyumba ya tajiri mmoja, Nvouandou, mwenye bwalo la muziki. Huku nyuma amempenda binti mmoja, Kabibi, na Kabibi anampenda. Shida ni kwamba Nvouandou naye, ingawa ana bibi yake Mamou nyumbani, anamtaka Kabibi huyo huyo. Nguvu zake za kiume zimepungua, na nganga amemwambia dawa yake ni kuoa binti ambaye hajajua mwanaume. Basi boyi na patron wake wanagombea binti mmoja.

Tunacheka sana tukitazama. Lakini tukiisha kucheka, tunabaki na maneno ya kujadili.

Vijana wanasema hivi

Kwa vijana, mambo ni wazi. «Ona, huyu binti amekataa feza, amechagua moyo! Hayo ndiyo mapendo bila sharti.» Kourou hana nyumba, hana mali ya kutoa, hana hata jina. Kabibi anamtaka vile alivyo.

Tunaelewa kwa nini kijana wa kwetu anashangilia. Hapa mahari ni mbuzi, na mbuzi ni feza. Kijana asiye na shamba la kakao ao la kahawa anafunga mzigo, anakwenda karier kutafuta zahabu, upande wa Lubero ao Mambasa. Akipata, anarudi na pikipiki, na wakwe wanamtandikia mkeka. Akikosa, anaona haya kurudi, na binti aliyeachwa nyumbani anahesabu miezi. Kijana kama huyu akimwona Kabibi, anajiambia: kumbe naweza kupendwa hata mikono ikiwa mitupu!

Wamama wanajibu

Wamama hawashangilii upesi. Mama aliyelea watoto sita kwa kubeba ndizi sokoni anasema: «Mapendo hayajazi sufuria. Mutoto wangu akilala na njaa, ni mimi atakuja kulilia.» Usimwite mama huyu mpenda feza. Yeye ameona mengi, anaogopa, na woga wake pia unatoka katika mapendo.

Tena wamama wanaona jambo ambalo vijana hawalioni. Mwishoni Kourou anafaulu, anaimba, watu wanamshangilia, na kila kitu kinageuka furaha. Basi tutajuaje kama mapendo ya Kabibi hayakuwa na sharti? Sharti halikupata nafasi ya kupimwa! Tuseme Kourou angebaki boyi mwaka wa kwanza, wa pili, wa kumi. Tuseme sauti ingekufa. Kabibi angekuwa wapi? Filme inamalizikia pahali ambapo ndoa zetu zinaanzia.

Ndugu msomaji, mimi naona wamama wana haki katika jambo hili. Kumpenda maskini ambaye kesho atakuwa tajiri si kazi kubwa. Kazi ni kumpenda yule aliyetoka karier na mguu uliovunjika, na zahabu hakuna.

Lakini vijana nao wana haki. Kabibi hakujua mwisho wa filme. Siku aliyomchagua Kourou, aliona boyi tu. Chaguo lake lilikuwa la kweli siku ile, hata kama hatujui lingedumu namna gani.

Musimsahau Mamou

Watu wengi wanabishana juu ya Kabibi na Kourou, na Mamou wanampita. Mimi namwona yeye kuwa ndiye anayetufundisha zaidi. Ugonjwa ni wa bwana yake, lakini anayeletewa mwenzake nyumbani ni yeye. Bwana ana shida, bibi analipa.

Je, kwetu si vilevile? Mtoto akikosekana, kidole cha kwanza kinaelekea kwa bibi. Wakwe wananong'ona, shangazi anatafuta binti mwingine. Lakini waganga wa hospitali wanatuambia sababu inaweza kutoka kwa mwanaume, ao kwa mwanamke, ao kwa wote wawili. Katika 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba duniani karibu mtu mzima mmoja kwa sita anapatwa na shida ya kukosa mtoto wakati fulani wa maisha yake. Si ulozi, na si laana ya mtu mmoja. Bwana na bibi wanapashwa kwenda kupimwa pamoja, mbele ya kuhukumiana.

Katika Biblia Elkana alimpenda Hana ingawa hakuwa na mtoto, akajaribu kumfariji. Lakini nyumbani mulikuwa mwanamke wa pili, Penina, aliyemchokoza Hana mpaka akashindwa kula. Soma habari hiyo pamoja na bibi yako. Utaona kwamba hata bwana mwenye moyo mwema anaweza kuacha kidonda nyumbani mwake.

Tena jambo la kushangaza: mwaka ule ule wa filme, tarehe 1 Agosti 1987, inchi yetu ilipata Kode ya Jamaa. Sheria hiyo inakubali ndoa ya bwana mmoja na bibi mmoja. Inaomba mahari itolewe, angalau sehemu yake, lakini inaomba pia kila mmoja wa hao wawili akubali yeye mwenyewe. Ilitengenezwa upya 2016, na miaka ya kuoa na kuolewa ni 18 kwa wote. Kwa hiyo mbuzi wakiwa wengi namna gani, hawawezi kusema «ndiyo» pahali pa binti yako.

Bila sharti si bila macho

Hapa tuangalie vizuri, kwa sababu neno hili linaweza kutumiwa vibaya. Kuna mwanaume anayepiga bibi yake, halafu anamwambia: «Kama unanipenda, utavumilia.» Hapana! Kupenda bila sharti ni kutompimia mtu thamani yake kwa feza, kwa mtoto, ao kwa afya. Si kumwachia akuue. Mama anaweza kuendelea kumtakia mema mwana wake mwizi, na bado akamnyima ufunguo wa nyumba.

Na sisi wa Beni tumepimwa kuliko mtu yeyote wa filme. Tangu 2014 mauaji yamewakimbiza watu mashambani. Kuna jamaa zilizoacha kakao ikioza kwenye miti, zikalala kwa watu Beni ao Butembo. Bwana aliyeitwa tajiri akawa mwomba chumvi. Bibi aliyemwoa kwa ajili ya shamba alibaki na nini? Na bibi aliyemwoa kwa ajili yake mwenyewe alibaki naye.

Kuna kipimo kizito zaidi. Wanawake wengi wa Kivu walitendewa jeuri na watu wenye silaha. Daktari Denis Mukwege, aliyewatunza katika hospitali ya Panzi, Bukavu, alipewa tuzo la Nobel la amani mwaka 2018. Hospitali inashona kidonda cha mwili. Lakini mwanamke akirudi nyumbani, akute bwana amefunga mlango, nani atashona kidonda kile kingine? Bwana anayemfungulia, akamtia maji ya kuoga, akakaa karibu yake bila kuuliza mengi, huyo amempita Kourou mbali sana. Hakuna anayemwimbia, na pengine majirani wanamcheka. Lakini watoto wake wanamwona, na watajua kupenda.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Bwana: siku niliyomwoa bibi yangu, nilikuwa na sharti gani moyoni? Niliwahi kumwambia?

2. Bibi: bwana yangu akirudi bila kitu, neno langu la kwanza mlangoni ni lipi?

3. Wazazi: tunapohesabu mbuzi, tumemuuliza binti yetu? Je, idadi tunayoomba inamsukuma kijana ashuke ndani ya shimo ambalo hatatoka?

4. Vijana: kama Kourou hangefaulu, ungependa filme ile imalizike namna gani?

Hili la nne lizungumzeni polepole, wakubwa na wadogo. Atakayejibu kwa kweli amekwisha kuanza kujua yeye mwenyewe anapenda kwa sharti gani.