Chombo Kisikiacho Katika Gari la Doria: Lugha za Ufuko wa Mweru

Katika njia za wilaya ya Nchelenge, nchini Zambia, tokea soko la samaki la Kashikishi hata kituo cha Kenani, ambako tangu mwaka 2017 wamepokewa wakimbizi waliovuka mpaka kutoka Kongo, dereva wa gari la polisi hana budi kuyagawa macho yake kati ya baiskeli zilizopakia magunia ya samaki wakavu, wanawake wenye mizigo kichwani na watoto watokao shule. Naye aendapo kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, kisha akainamisha uso kwa sekunde 2 ili aandike namba ya gari katika simu yake, huwa amekata mita 33 bila kuona kilicho mbele yake. Hesabu hii ndogo ndiyo asili ya programu za simu ziongozwazo kwa sauti kwa ajili ya magari ya doria: askari hubonyeza kitufe kimoja, hunena haja yake, na chombo huitimiza, mikono yake ikiwa usukanini na macho yakiwa barabarani. Nakusudia kueleza hapa jinsi chombo hicho kisikiavyo, na sababu ya kuuweka usikivu wake, katika ufuko wa Ziwa Mweru, mbele ya bei yake na mbele ya sifa nyingine zote zitajwazo na wauzaji.

Haja yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1928 polisi wa Detroit, nchini Marekani, walianza kupeleka habari kwa redio katika magari yao ya doria, walakini habari ilikwenda upande mmoja tu, na askari aliyetaka kujibu alilazimika kusimamisha gari na kutafuta simu. Hata mwaka 1933, katika mji wa Bayonne, New Jersey, magari yakapewa redio za kunena na kusikia. Miongo mingi ikapita, na ndani ya gari vikaongezeka vyombo juu ya vyombo, kila kimoja na vitufe vyake, mpaka mwaka 1999 Chuo Kikuu cha New Hampshire, kwa kushirikiana na idara ya usalama ya jimbo hilo, kilipoanzisha mradi ulioitwa Project54, ambao ulimwezesha askari kuamuru kwa kinywa chake taa, king'ora, redio na kipima mwendo, na kuuliza habari za namba ya gari bila kugusa kitu. Wakati huo kazi hiyo ilihitaji kompyuta nzima ndani ya gari. Leo simu ya mkononi inaimudu.

Chombo hakisikii maneno kama tuyasikiavyo sisi. Kipaza sauti hugeuza mtikisiko wa hewa kuwa tarakimu, kisha programu huukata mkondo huo vipande vyembamba, aghalabu vya sehemu 25 kwa elfu za sekunde, kila kipande kikianza sehemu 10 kwa elfu baada ya kile kilichotangulia, na katika kila kipande hupima nguvu ya sauti nene na ya sauti nyembamba. Vipimo hivyo hulinganishwa na hazina ya sauti ambazo chombo kilifunzwa tangu mwanzo, na hukumu itokayo ni dhana tu: pengine amesema hivi, pengine vile, na hili lina uwezekano mkubwa kuliko lile. Kwa hiyo chombo hakina maarifa nje ya hazina yake, na sauti isiyofanana na zile kilizofunzwa hukitia katika shaka, au, jambo lililo baya zaidi, hukifanya kiamini kwa yakini neno ambalo halikusemwa.

Tuzidishe sasa mambo ya gari lenyewe: injini ya dizeli, madirisha yaliyo wazi kwa ajili ya joto, changarawe zipigazo chini ya gari, na mvua ya Januari juu ya paa. Mganga wa Kifaransa, Étienne Lombard, alieleza mwanzoni mwa karne ya ishirini kwamba mtu aliye katikati ya makelele hupaza sauti bila kukusudia. Na wataalamu waliomfuata wakaona kwamba kupaza huko hurefusha irabu na kuibadili sauti yenyewe, si ukubwa wake peke yake. Basi chombo kilichofunzwa kwa sauti za watu waliosoma polepole katika chumba kitulivu hukutana na sauti ngeni pale askari yule yule apigapo kelele akiwa njiani.

Na kosa la kusikia halikomei katika kosa. Mwaka 2007 Andrew Kun, mmoja wa wataalamu wa mradi ule wa New Hampshire, pamoja na wenzake, waliwaweka madereva katika gari la mfano la maabara, wakawapa chombo kisikiacho vema mara nyingine na vibaya mara nyingine, wakaona kwamba usikivu mbaya wa chombo uliharibu utulivu wa mikono katika usukani. Sababu yake ni dhahiri kwa kila aliyewahi kurudia neno mara tatu kwa asiyemsikia: fikira zake huondoka barabarani. Chombo kilichonunuliwa ili kumlinda dereva, kisiposikia, humzidishia hatari, na kwa maoni yangu ni heri gari likae bila chombo hicho kuliko kuwa nacho kibovu.

Hapa ndipo ufuko wa Mweru unapodai mazingatio ya pekee. Askari wa huko huzungumza Kibemba na wenyeji, huandika ripoti kwa Kiingereza, na huko Kenani hukutana na watu ambao Kiswahili ndicho kiungo cha makabila yao. Kwa Kibemba kuna kazi ya kusifiwa: Claytone Sikasote na Antonios Anastasopoulos walikusanya zaidi ya saa 24 za sauti za watu waliosoma maandishi ya lugha hiyo, wakaitoa hazina hiyo kwa jina la BembaSpeech, na mtambo wao uliofanya vizuri kuliko mingine ulikosea asilimia 32.91 ya maneno. Msomaji asiidharau kazi hiyo, maana kabla yake hapakuwa na kitu cha kulinganishwa nayo. Walakini apime mwenyewe maana ya kupoteza karibu neno 1 katika kila 3, tena kwa sauti zilizosomwa, pale ujumbe unapokuwa ni jina la kijiji, idadi ya majeruhi na upande waliokokimbilia wezi.

Kiswahili kina hazina kubwa zaidi, ikiwemo ile ya Common Voice ya shirika la Mozilla, ambayo wasemaji wengi wameichangia kwa hiari. Lakini Kiswahili cha Kenani ni kile cha Katanga na Tanganyika ya Kongo, ambacho msemaji wake husema "bantu" na "batoto" ilhali wa Dodoma husema "watu" na "watoto", huita maji "mayi", na hutaja hesabu na saa kwa Kifaransa pasipo kujali. Hiyo ni lahaja kamili yenye haki yake, na chombo kilichofunzwa kwa sauti za Nairobi na Dar es Salaam kitaidhulumu. Kadhalika Mzambia azungumzapo Kibemba aghalabu hutaja namba kwa Kiingereza, hivyo chombo kitakachongoja namba za gari kwa Kibemba safi kitangoja sana.

Majina ya mahali ni mtihani mwingine. Ndani ya Ziwa Mweru kuna kisiwa cha Kilwa, kilicho cha Zambia. Ng'ambo, katika ufuko wa Kongo, kuna mji uitwao Kilwa. Na msomaji wa pwani anaijua Kilwa ya Tanzania, ambayo bila shaka ndiyo iliyoandikwa mara nyingi kuliko hizo mbili katika maandishi yaliyofunza mitambo. Askari akisema, "Mashua imeelekea Kilwa," afisa wa kituoni atauliza, "Kisiwani au ng'ambo?" kwa kuwa anajua kwamba jibu moja ni kazi yake na jibu la pili ni la nchi nyingine. Programu isiyofunzwa kuuliza swali hilo itaweka alama katika ramani na kunyamaza.

Kwa sababu hizo ningependa programu ya kwanza ya ufuko huo iwe na amri chache, tuseme ishirini au thelathini, zilizochaguliwa ili zisifanane kwa sauti, maana kuchagua amri moja kati ya thelathini ni kazi nyepesi mno kuliko kufasiri maneno yote ya lugha. Na kila amri irudiwe na chombo kabla ya kutekelezwa. Askari husema, "Gari la wagonjwa, Kashikishi." Chombo hujibu, "Nimesikia gari la wagonjwa, Kashikishi. Nitume?" Naye husema, "Tuma." Asipojibu, ujumbe usiende. Namba za gari, ambazo nchini Zambia huanza kwa herufi tatu, zitajwe kwa alfabeti ya redio, Alfa, Bravo, Charlie, iliyokubaliwa na mataifa mwaka 1956 kwa sababu B, D, P na T hupotezana masikioni mwa watu, na mitambo nayo huzikanganya vivyo hivyo.

Shurti pia usikivu huo uwe ndani ya simu yenyewe. Programu nyingi hupeleka sauti mpaka kwenye seva ya mbali ili ifasiriwe huko, na mnara ukikosa umeme, au simu iliyo karibu na ziwa ikinasa mtandao wa ng'ambo, askari hubaki na kioo kisichojibu. Redio ya VHF, kwa upande wake, haidai kampuni ya simu: hunena moja kwa moja na kituo au kupitia kirudisha mawimbi, na wote walio katika mkondo huo husikia kwa pamoja, hata gari ambalo halikuitwa likajua kwamba mwenzake yumo taabuni. Programu ipelekayo ujumbe kwa mtu mmoja huondoa sikio hilo la jumuiya, na sioni sababu ya kuing'oa redio kwa ajili yake.

Lipo tamanio moja ambalo nalikataa kabisa, nalo ni kuifanya programu hiyo mkalimani wa ushahidi. Mkimbizi aelezapo aliyoyaona anastahili mtu amfasirie, mtu awezaye kuulizwa na kusahihishwa, na sauti yake ikihifadhiwa ni mali ambayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya Zambia ya mwaka 2021 inataka ilindwe.

Kazi basi ianze kwa kurekodi. Wakusanywe wanaume kwa wanawake, vijana kwa wazee, wasemaji wa Kibemba wa Nchelenge na Wakongo wa Kenani na wa makazi ya wakimbizi ya Mantapala, kwa ridhaa yao na kwa ujira, waketishwe ndani ya gari la aina ile ile itumiwayo na polisi, injini ikinguruma na madirisha yakiwa wazi, katika changarawe na katika lami, kiangazi na masika. Wataje amri zile chache, na majina ya vijiji vyote vya ufuko, na namba kwa Kibemba, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa Kifaransa, kama wanavyozitaja sokoni. Sauti za baadhi yao ziwekwe kando zisitumiwe kufunza, ili chombo kipimwe kwazo kabla ya gari hata moja kufungwa simu.