Filta ya Shawa Inachuja Nini Hasa?

Kwa kuitazama, filta ya shawa haina makuu. Ni kopo la plastiki lililopakwa rangi ya fedha, kubwa kidogo kuliko ngumi, linalofungwa kati ya bomba linalotoka ukutani na kichwa cha shawa. Humhitaji fundi, tepu nyeupe ya mabomba na dakika chache zinatosha. Ahadi zake ndizo nzito. Wauzaji wa mitandaoni wanasema nywele zitaacha kukatika, mba itaisha, ngozi itang'aa, na maji ya chumvi ya kisima yatakuwa kama maji baridi ya mto.

Baadhi ya ahadi hizo zina msingi na nyingine hazina kabisa. Ili kuzitenganisha, inabidi kwanza tujue maji yetu yana nini. Mtu akisema "maji ya kwetu mabaya, yananiharibu ngozi", huwa anazungumzia kimojawapo kati ya vitu vitatu, na kila kimoja kina dawa yake.

Cha kwanza ni klorini. Hii huwekwa kwa makusudi na mamlaka za maji ili kuua vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara. Shirika la Afya Duniani linataka maji yafike kwa mtumiaji yakiwa bado na angalau miligramu 0.2 za klorini kwa lita, na kikomo chake kwa maji ya kunywa ni miligramu 5. Klorini hula mafuta ya asili ya ngozi na nywele, na waogeleaji wanaoshinda kwenye bwawa wanaijua kazi yake. Lakini anayeoga dakika tano kwa maji ya bomba hukutana na kiasi kidogo sana. Isitoshe, klorini hupungua kadiri maji yanavyokaa. Katika nyumba zetu nyingi, ambako maji ya mgao hulala kwenye simtanki siku mbili tatu kabla ya kufika bafuni, mara nyingi huwa imebaki kidogo mno. Na kama unatumia kisima chako mwenyewe ambacho hakitiwi dawa, klorini haimo.

Cha pili ni ugumu wa maji. Maji yanayopita ardhini kwenye mawe ya chokaa huyeyusha kalsiamu na magnesiamu. Ndiyo hali ya visima vingi vya Unguja na vya ukanda wa pwani, ambako chini kuna mawe ya matumbawe. Maji huitwa magumu yakizidi miligramu 120 za madini hayo kwa lita, na magumu sana yakizidi 180. Dalili zake unazijua: sabuni ya mche haitoi povu, ukoko mweupe unaganda kwenye birika la umeme, na vioo vya bafuni vina madoa yasiyotoka kwa kufuta. Sabuni ikikutana na kalsiamu hugeuka utando usioyeyuka, ule wa kijivu unaoganda kando ya beseni. Utando huohuo hubaki mwilini na kichwani. Nywele huwa ngumu na nzito, mafuta hayaingii vizuri, na ngozi inakaza baada ya kuoga.

Cha tatu ni chumvi yenyewe, ile ya bahari. Karibu na pwani, kisima kikivutwa maji kupita kiasi, maji ya bahari husogea chini ya ardhi na kuingia. Dalili hapa ni ladha. Ulimi wa kawaida huanza kuihisi chumvi kloridi ikivuka kiasi cha miligramu 250 kwa lita.

Sasa tulifungue hilo kopo. Katriji ya kawaida ina tabaka kadhaa. Juu na chini kuna pamba au wavu wa kuzuia mchanga na kutu. Katikati kuna chembechembe za rangi ya shaba, ambazo ni mchanganyiko wa shaba na zinki, kazi yake ikiwa kuigeuza klorini kuwa kloridi isiyo na ukali. Pembeni yake kuna punje nyeupe za kalsiamu salfaiti, zinazofanya kazi hiyohiyo hata maji yakiwa ya moto, na mkaa maalumu unaonasa klorini na harufu. Filta nyingine hutumia vitamini C, ambayo nayo huua nguvu ya klorini papo hapo. Mwisho huja vipira vya kauri vya rangi mbalimbali, ambavyo tangazo husema vinatoa "nishati" au "madini hai". Vipira hivyo vipo kwa ajili ya kupendeza macho.

Ukitazama orodha hiyo utaona kwamba karibu kila kilichomo kimetengenezwa kwa ajili ya klorini. Hata kiwango cha ubora cha Marekani cha filta za shawa, NSF/ANSI 177, kinapima jambo hilo moja tu: uwezo wa kupunguza klorini. Hakipimi ugumu, hakipimi chumvi, wala hakisemi lolote kuhusu nywele.

Je, filta haiwezi kupunguza ugumu hata kidogo? Hesabu ndogo inajibu. Tuchukue familia ya watu watano, kila mmoja akitumia lita 40 kwa siku kuoga. Hizo ni lita 200. Maji yakiwa na miligramu 300 za ugumu kwa lita, siku moja hupitisha gramu 60 za madini, na mwezi mmoja kilo 1.8. Katriji nzima haifikii nusu ya uzito huo. Hayo madini ingeyaweka wapi? Klorini ni habari nyingine: maji yakiwa na miligramu 0.5 kwa lita, familia hiyohiyo hupitisha gramu 3 tu kwa mwezi. Kopo dogo linamudu gramu 3. Kilo mbili kasorobo hazimudu, hata tangazo liseme nini.

Kinachoondoa ugumu kweli ni mtambo wenye punje za resini, ambazo hushika kalsiamu na kuachia sodiamu badala yake. Lita moja ya resini hubeba takriban gramu 50 hadi 100 za madini kabla ya kuchoka, na hapo husafishwa kwa maji ya chumvi ili ianze upya. Kwa familia ya mfano wetu, lita hiyo ingechoka ndani ya siku moja au mbili. Ndiyo maana mitambo hiyo huwa mikubwa, hukaa nje karibu na tangi, na huambatana na magunia ya chumvi. Chumvi ya bahari nayo haiondoki kwa resini hii. Inataka mtambo wa kusukuma maji kwa nguvu kupitia utando mwembamba, kama unaotumiwa na wanaouza maji ya kunywa kwenye madumu. Kuoga kwa maji hayo kila siku ni gharama ambayo wachache wataikubali, na mtambo wenyewe humwaga maji mengi ili upate machache.

Wauzaji wana onyesho moja linalowashawishi wengi. Baada ya wiki chache wanaifungua filta na kukuonyesha pamba iliyokuwa nyeupe sasa ina rangi ya udongo. Uchafu huo ni wa kweli, lakini ni kutu ya mabomba na tope la tangi. Kalsiamu na chumvi zimeyeyuka na hazina rangi, kwa hiyo zimepita hapo bila kuacha alama. Pamba ikichafuka haraka, ujumbe wake ni kwamba tangi lako linadai kuoshwa.

Na sayansi inasemaje kuhusu maji magumu na ngozi? Nchini Uingereza, ambako maeneo mengi yana maji magumu, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwachunguza watoto wachanga 1,303 wa umri wa miezi mitatu na kukuta kwamba wanaoishi penye maji magumu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na ukurutu, ambao wengine huuita pumu ya ngozi. Utafiti wa Sheffield wa mwaka 2018 ulionyesha njia mojawapo: maji magumu huacha sabuni nyingi zaidi kwenye ngozi, nayo sabuni hiyo huendelea kuichokoza. Lakini jaribio lililochapishwa mwaka 2011 linatutia adabu. Watoto 336 wenye ukurutu waligawanywa, nusu yao wakafungiwa nyumbani mitambo halisi ya kulainisha maji kwa wiki 12. Hali yao haikuwa bora kuliko ya wenzao waliotumia dawa zao za kawaida peke yake. Ikiwa mtambo kamili haukuleta nafuu ya ziada, kopo la klorini tusilibebeshe mzigo huo.

Kwa nywele, tafiti ni ndogo na zinagongana. Ule wa mwaka 2013 haukuona tofauti ya nguvu kati ya nywele zilizoloweshwa maji magumu na zilizoloweshwa maji safi yasiyo na madini. Mwingine wa Pakistan wa mwaka 2018 uliona nguvu imepungua. Hata huo wa pili unazungumzia unywele kukatika. Upara ni jambo la mzizi, na mzizi uko chini ya ngozi, mahali ambapo maji ya kuogea hayafiki.

Kabla ya kutoa hela, pima maji yako. Chukua chupa mbili safi za maji ya kunywa. Moja itie maji ya mvua, nyingine maji ya bafuni, nusu nusu. Kwangua sabuni ya mche, tia kiasi sawa katika kila chupa, kisha tikisa. Ya mvua itajaa povu na maji chini yake yatabaki karibu maangavu. Ya pili ikitoa povu hafifu na maji yakawa meupe yenye vipande vipande, maji yako ni magumu. Usitumie sabuni ya unga au ya maji ya dukani, kwa sababu nyingi hutoa povu hata kwenye maji magumu na zitakudanganya. Klorini ipime kwa pua, asubuhi, maji yakitoka moja kwa moja kwenye bomba la mamlaka.

Ukigundua tatizo ni ugumu, tiba nafuu iko kwenye sabuni. Badilisha sabuni ya mche kwa sabuni laini ya kuogea isiyo ya magadi, na kichwani tumia shampuu yenye EDTA kwenye orodha ya viambato, maana hiyo hushika kalsiamu na kuondoka nayo. Suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua. Mvua ikikosekana, chemsha maji, yaache yatulie, mimina ya juu; kuchemsha huondoa sehemu ya ugumu. Kijiko kimoja cha siki katika lita ya maji husaidia kutoa utando kwenye nywele, ila kisiguse ngozi yenye vidonda. Ndimu iache jikoni, kwani majimaji yake yakibaki kwenye ngozi kisha ukatoka juani, huunguza na kuacha madoa. Mafuta ya mgando au losheni vipakwe mara tu unapotoka bafuni, ngozi ikiwa bado na unyevu.

Nywele zinazopungua kwenye paji la uso na juu ya masikio mara nyingi zimevutwa na misuko ya kubana au kuchoshwa na dawa ya nywele. Mtoto mwenye viraka visivyo na nywele huenda ana mapunye, ugonjwa wa fangasi unaotaka dawa ya kumeza. Ukurutu unaowasha usiku kucha unataka daktari wa ngozi. Kila mwezi unaotumika kuisubiri filta ifanye muujiza ni mwezi wa tiba uliopotea.

Basi hukumu ni hii. Kama maji yako ni ya bomba, yananuka dawa, na ngozi yako ni nyepesi kuchokozeka, filta yenye alama ya NSF/ANSI 177 inaweza kukupa nafuu kidogo. Badilisha katriji kwa muda ulioandikwa, kwa sababu mkaa mchovu wenye unyevu ni makazi ya bakteria, na kamwe usiyanywe maji yanayotoka hapo. Kama tatizo lako ni chumvi au ugumu wa kisima, hiyo hela ipeleke kwenye sabuni nzuri, mafuta, na pipa la kukingia maji ya mvua.