Unene wa Kupita Kiasi, Damu na Moyo

Katika inchi yetu, mtu akiwa na tumbo kubwa wengi husema: huyu amebarikiwa, nyumbani mwake chakula hakikosi. Akianza kukonda, wanaulizana kwa siri ni ugonjwa gani umemshika, ao nani amemloga. Hatuwacheki wasemao hivyo, kwani njaa tunaijua. Lakini tangu mwaka 2014 wenye elimu wamevumbua mambo mapya juu ya damu, nayo yanatuonyesha kwamba unene wa kupita kiasi si baraka. Yafaa mapadri, wakatekista na waseminari wayajue, kwani wagonjwa na jamaa zao huwauliza wao mbele ya kumuuliza munganga.

1. Damu yatoka wapi?

Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, katika uboho. Humo mna chembe-mama, yapata 50,000 mpaka 200,000 kwa mtu mzima. Hizo ndizo huzaa chembe zote za damu: nyekundu zinazochukua hewa, nyeupe zinazopigana na magonjwa, na zile ndogo zinazogandisha damu penye kidonda. Chembe nyekundu peke yake, mwili huzaa yapata miliari 200 kila siku.

Sasa, kila chembe ina ndani yake kama kitabu cha maagizo, nayo maagizo hayo huitwa jeni. Chembe ikijigawa, sherti kitabu chote kinakiliwe. Mwandishi anayenakili bila kupumzika hakosi kukosea herufi: vivyo hivyo chembe-mama moja hupata makosa kama 17 kila mwaka. Karibu yote hayana neno. Lakini kosa likiangukia jeni fulani, kama zile ziitwazo DNMT3A, TET2, ASXL1 ao JAK2, chembe ile huanza kuzaa kuliko wenzake. Ni kama gugu katika shamba la mihogo: leo shina moja, baada ya miaka mingi limeshika upande mzima. Tangu mwaka 2015 wanganga wameipa hali hii jina la CHIP. Mwenye nayo hasikii maumivu, na hesabu ya damu yake yaweza kuwa ya kawaida.

Katika watu zaidi ya 17,000 waliopimwa damu kwa uchunguzi uliotangazwa mwaka 2014, hali hiyo ilikuwa nadra kwa wenye chini ya miaka 40. Kwa wenye miaka 70 mpaka 79, ilikuwa karibu kwa mtu 1 katika 10.

2. Yaleta hatari gani?

Hatari ya kwanza ni kansere ya damu. Katika uchunguzi ule, wenye CHIP walikuwa na hatari hiyo zaidi ya mara 10 kuliko wengine. Lakini tusiogopeshe watu: katika 100 wenye hali hiyo, kila mwaka anayepata kansere ya damu ni mmoja ao hata chini yake.

Hatari ya pili iliwashangaza wanganga wenyewe: ni ya moyo. Mwaka 2017 ilionekana kwamba wenye CHIP hupata ugonjwa wa mishipa ya moyo karibu mara 2 kuliko wasio nayo. Sababu yake nini? Chembe nyeupe ni askari wa mwili. Mafuta yakijishika katika ukuta wa mshipa, askari wanaingia humo. Wale waliozaliwa na chembe yenye kosa la TET2 ni wakali mno: wanamwaga dawa ya vita iitwayo interlekini-1 beta, ukuta unavimba, na njia ya damu inazidi kuwa nyembamba. Jambo hilo lilihakikishwa kwa panya.

3. Unene unaingia wapi?

Tupime kwanza. Twaa kilo za mtu, ugawanye kwa urefu wake katika metre, kisha ugawanye tena kwa urefu uleule. Ukipata 30 ao zaidi, huo ni unene wa kupita kiasi. Mtu wa metre 1.70 anaufikia karibu na kilo 87. Katika mwaka 2022, watu wazima zaidi ya milioni 890 duniani walikuwa na hali hiyo.

Mafuta ya mwilini si akiba inayolala tu kama unga katika gunia. Yakizidi, yanaamsha askari wa mwili usiku na mchana, hata pasipo adui. Katika panya, vita hiyo iliongeza upesi chembe zenye kosa: unene ukawa mbolea ya gugu. Kwa watu, wanene wa inchi ya Sweden walifuatwa miaka 20, na chembe zile zilionekana kukua zaidi kwa wale ambao miili yao ilishindwa kutumia sukari na mafuta vizuri. Tena, unene peke yake huongeza hatari ya namna 13 za kansere, pamoja na ya ini, ya figo na ya matiti kwa wanawake waliokoma hedhi.

4. Tufundishe nini?

Kwanza, makosa haya huzaliwa katika damu ya mtu mwenyewe pamoja na miaka. Hakuyapokea kwa wazee, wala hatawarithisha watoto. Basi asitafutwe mchawi, wala jamaa wasitupiane lawama.

Pili, dawa ya kuondoa chembe hizo haijapatikana bado. Mwaka 2017 dawa moja ya kuzuia interlekini ilijaribiwa kwa wagonjwa wa moyo 10,061. Ilipunguza mashambulio ya moyo na ya ubongo kwa sehemu 15 katika 100, lakini waliokufa kwa maambukizo waliongezeka.

Tatu, kuna yaliyo mkononi mwetu: kuacha tumbako, kupima tension na sukari, kupunguza limonadi, pombe na vyakula vya kukaangwa, kula sombe, maharagi na matunda, na kwenda kwa miguu pale ambapo pikipiki si lazima. Na mwenzetu akipungua kilo kwa kusudi hilo, tusimnong'one. Tumtie moyo. Lakini mtu akikonda pasipo kutaka, tumpeleke upesi kwa munganga.